Watoto wangapi wamechanjwa? Njia nne za kuhesabu, na ipi ya kushika lini

Mwenzangu anayeandaa mradi wa watoto kule Mukuru, mtaa wa mabanda hapa Nairobi, alinijia na karatasi mbili. Ya kwanza ilitoka kwenye mfumo wa ripoti za vituo, nayo ilisema kwamba katika kaunti ndogo anayoilenga, watoto waliopata dozi ya tatu ya pentavalenti (chanjo moja inayokinga magonjwa matano, yakiwemo dondakoo, pepopunda na kifaduro) ni zaidi ya asilimia 100. Ya pili ilikuwa ya utafiti wa kaya, na ilisema kuna watoto jijini ambao hawajakamilisha chanjo zao. Zote mbili zimetoka kwa watu wanaoijua kazi yao. Akaniuliza, "Sasa niandike ipi?"

Nimeulizwa swali hilo na mwanahabari, na mwanafunzi wa afya ya umma, na diwani aliyetaka kujua kama wadi yake iko nyuma. Kila mmoja alidhani namba moja ni ya kweli na nyingine ni ya uongo. Mara nyingi zote ni za kweli, ila kila moja inajibu swali lake. Kwa hiyo hapa naziweka njia nne kando kwa kando: ripoti za vituo, utafiti wa kaya, makadirio ya WHO na UNICEF, na ukaguzi wa haraka mtaani.

Vigezo kwanza

Kila asilimia ya chanjo ni sehemu: juu kuna waliochanjwa, chini kuna wote waliostahili kuchanjwa. Jambo la kwanza la kuuliza ni namba hizo mbili zimetoka wapi, hasa ile ya chini, kwa sababu huko ndiko Nairobi hutusumbua. La pili ni mtoto gani haonekani kwa njia hiyo. La tatu, habari hiyo ni ya lini. La nne, inashuka hadi wapi: nchi, kaunti, wadi, au ploti. La tano ni gharama, na kwa gharama sisemi pesa tu, nasema pia siku na jasho la watu.

Kuna tofauti moja inayohitaji kukaa kichwani kabla hatujaanza. Kufikiwa na kukamilisha ni mambo mawili. Mtoto wa Kenya huanza na BCG, yaani chanjo ya kifua kikuu, na matone ya polio anapozaliwa, kisha hurudi akiwa na wiki 6, 10 na 14 kwa pentavalenti, polio, nimonia na rota (kirusi cha kuharisha), halafu surua-rubella akiwa na miezi 9 na tena miezi 18. Dozi ya kwanza ya pentavalenti hutuambia kama huduma ilimfikia. Ya tatu hutuambia kama aliweza kurudi. Asiyepata hata ile ya kwanza ndiye anayehesabiwa duniani kama mtoto asiyepata dozi hata moja. Namba ikikujia bila kutaja ni dozi ipi, uliza kwanza.

Ripoti za vituo

Inavyohesabu. Nesi akishamchoma mtoto huandika mara tatu: kwenye kitabu cha kliniki cha mama, kwenye rejista ya MOH 510, na kwenye karatasi ya MOH 702 ambako hukata alama moja kwa kila dozi. Mwezi ukiisha, alama zinajumlishwa na kuhamishiwa fomu ya MOH 710, kisha zinaingizwa kwenye KHIS, mfumo wa taifa wa taarifa za afya uliojengwa juu ya programu ya DHIS2 na ambao Kenya imeutumia nchi nzima tangu 2011.

Nimewahi kukaa na nesi akifanya jumla hiyo. Ilikuwa jioni, akina mama wameshaondoka, benchi tupu, naye amekunja shuka ya mezani ili apate mahali pa kutandaza karatasi. Alihesabu alama kwa ncha ya kalamu, tano tano, midomo ikisogea. Akafika kwenye safu ya pentavalenti ya pili, simu ikalia, akapoteza hesabu, akaanza upya. Mara ya pili alipata 61. Mara ya kwanza, kabla ya simu, alikuwa amefika 58 na safu ilikuwa haijaisha. Akafungua rejista, akahesabu majina mmoja mmoja, akapata 63, akaandika 63. Angeweza kuandika 61 akaenda nyumbani, na hakuna ambaye angejua. Mimi huwa sipendi kusikia mtu akizidharau ripoti za vituo kana kwamba zimetungwa. Nyuma ya nyingi kuna mtu wa namna hiyo.

Namba ya juu basi ina makosa, lakini ni makosa ya kalamu. Namba ya chini ndiyo yenye maradhi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 Nairobi. Kila mwaka baada ya hapo, idadi ya watoto wanaotarajiwa katika kaunti ndogo hukadiriwa kutoka kwenye hesabu hiyo, kana kwamba jiji linakua kwa mwendo mmoja kila mahali. Halikui hivyo. Pale Pipeline, ghorofa saba zinaweza kusimama mahali palipokuwa na mabati, na kila chumba kina familia. Kwingineko tingatinga hupita usiku na mtaa mzima ukahamia bonde jingine. Kisha kuna mama anayeishi Kitengela, Kajiado, na anafanya kazi Industrial Area: mtoto wake huchanjwa karibu na kazini. Yuko kwenye namba ya juu ya Nairobi, lakini kwenye namba ya chini yuko Kajiado. Wakiwa wengi wa namna yake, asilimia huvuka 100 bila mtu yeyote kudanganya.

Isiyemwona. Mtoto ambaye hajaletwa kliniki hayupo kwenye rejista, na hakuna mstari wa jina lake ulioachwa wazi. Anakosa chanjo, kisha anakosa hata kuhesabiwa miongoni mwa waliokosa. Pia zahanati za binafsi zinazochanja bila kutuma ripoti hupunguza hesabu, na mgomo huivuruga kabisa. Wauguzi walipogoma kwa miezi mitano mwaka 2017, chanjo zilishuka kweli, lakini ripoti nazo zilikosekana, na mwenye kusoma mfumo leo ana kazi ya kutenganisha watoto wasiochanjwa na karatasi zisizotumwa.

Wakati na ngazi. Hapa ndipo njia hii haina mpinzani. Ripoti hutakiwa kufika kaunti ndogo kufikia tarehe 5 na kuingia mfumoni kufikia tarehe 15 ya mwezi unaofuata, na unaweza kuona kituo kimoja kimoja. Chanjo ikikatika ghala kuu, utaiona kwenye namba ndani ya wiki chache.

Gharama. Tayari imelipwa, kwa jioni za wauguzi.

Inamfaa nani. Afisa wa chanjo wa kaunti ndogo, msimamizi wa kituo, na yeyote anayehitaji kujua mambo yanaelekea wapi mwezi hadi mwezi. Na kuna hesabu moja inayokwepa namba ya chini kabisa: chukua waliopata dozi ya kwanza ya pentavalenti, toa waliopata ya tatu, gawanya kwa wale wa kwanza. Tuseme kituo kilichoma dozi za kwanza 240 na za tatu 198. Waliopotea njiani ni 42, yaani asilimia 17.5. Ikipita asilimia 10, huwa ni dalili kwamba watu wanafika lakini hawarudi. Nairobi uisome kwa tahadhari, kwani mama wengi huenda kwao Kakamega au Kitui mtoto akiwa mchanga, na dozi ya tatu inachomwa huko. Ukipata jibu lililo chini ya sifuri, ama watu wamehamia hapo ama alama zimekosewa. Vyovyote iwavyo, nenda kituoni ukatazame.

Utafiti wa kaya

Inavyohesabu. Hapa hatumngoji mtoto aje. Wahoji humwendea nyumbani. Mkubwa kuliko wote nchini ni Utafiti wa Demografia na Afya, KDHS, unaofanywa na Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS. Ule wa 2022 ulichagua maeneo 1,692 katika kaunti zote 47, kaya 25 kila eneo. Mhoji humwuliza mama kuhusu kila mtoto mdogo, huomba kuona kitabu cha kliniki na kunakili tarehe. Kisipokuwepo, huandika anachokumbuka mama. Namba ya juu na ya chini zinatoka nyumba ileile, na hiyo ndiyo nguvu yake. Asilimia haiwezi kuvuka 100.

Matokeo ya 2022 yalisema asilimia 80 ya watoto wa miezi 12 hadi 23 walikuwa wamekamilisha chanjo za msingi, yaani BCG, dozi tatu za pentavalenti, tatu za polio na moja ya surua. Mwaka 2014 ilikuwa asilimia 79. Ukisimama hapo utasema nchi imekaa palepale. Shuka kaunti kwa kaunti na picha inakukata maini: Vihiga ilipita tisini, Garissa haikufika hata robo. Wastani wa taifa ulikuwa umewafunika watoto wa Garissa, na ni utafiti wa kaya uliowafunua. Kwa kazi hiyo peke yake, kila shilingi iliyotumika ina haki yake.

Angalia pia neno "msingi". Chanjo za nimonia, rota na polio ya sindano hazimo katika hesabu hiyo. Ukizijumlisha zote za ratiba ya taifa, asilimia inashuka. Ripoti mbili zinaweza kusema "waliokamilisha" zikiwa na orodha mbili tofauti.

Isiyemwona. Kwanza, mtoto ambaye kitabu chake kimepotea na mama hakumbuki. Baada ya mafuriko ya Aprili 2024, nilimkuta mama mmoja bondeni Mathare ameanika kitabu cha kliniki kwenye kamba ya nguo, kati ya fulana mbili za mtoto. Kurasa zilikuwa zimeshikana, na tarehe zilizoandikwa kwa wino wa bluu zilikuwa zimegeuka doa moja. Alijua mtoto amechomwa pajani "mara nyingi". Mhoji angeandika nini? Sindano ya pajani ni nyingi, na mama aliyechoka hawezi kuzitofautisha. Dozi za mwishomwisho ndizo husahauliwa zaidi.

Pili, watu wanaolala pasipohesabika kama nyumba, na ploti zilizoota baada ya ramani ya sampuli kuchorwa. Tatu, nyumba ambayo mlinzi wa geti hafungui. Wahoji hukuta milango migumu zaidi kwenye mitaa ya wenye uwezo, ingawa tumezoea kudhani mitaa ya mabanda ndiyo migumu.

Wakati na ngazi. KDHS mbili za mwisho zimeachana miaka 8, 2014 na 2022. Isitoshe, mtoto wa miezi 23 aliyehojiwa mwaka 2022 alipaswa kuchanjwa 2020 na 2021, kipindi cha korona. Ni picha ya jana iliyooshwa leo. Kuhusu ngazi, fanya hesabu: maeneo 1,692 kwa kaunti 47 ni wastani wa maeneo 36, sawa na kaya 900. Ndani ya kaya 900, watoto wa miezi 12 hadi 23 mara nyingi ni makumi tu. Tuseme ni 80, na asilimia 80 kati yao wamekamilisha: ukweli unaweza kuwa popote kati ya 71 na 89 hivi, hata kabla ya kuzingatia kwamba majirani hufanana. Kwa kaunti inatosha kuonyesha nani yuko mbali sana. Kwa wadi haifai kabisa, na anayekupa asilimia ya wadi kutoka KDHS anakupa kitu ambacho utafiti haukukipima.

Gharama. Nzito. Magari, wahoji, mafunzo, miezi ya kazi.

Inamfaa nani. Mtafiti, mpangaji wa bajeti ya taifa au kaunti, na mtu anayetaka kujua nani anaachwa: kwa elimu ya mama, kwa kipato, kwa mji na mashambani. Ripoti za vituo hazijui mama alisoma hadi darasa la ngapi.

Ukitaka kufanya wako mdogo, utasikia watu wakitaja "30 kwa 7": maeneo 30, watoto 7 kila eneo, jumla 210. Ndio mtindo ulioenea tangu miaka ya 1980, ambapo mhoji alisimama katikati ya kijiji, akazungusha chupa au kalamu, akafuata ilikoelekea. WHO yenyewe imeshauacha mtindo wa chupa na sasa hutaka nyumba zichaguliwe kwa bahati nasibu kutoka kwenye orodha kamili. Mukuru, ambako mlango wa mbele wa huyu ni ukuta wa nyuma wa yule, ningekuomba sana uandike orodha ya nyumba kwanza.

Makadirio ya WHO na UNICEF

Inavyohesabu. Kila mwaka, katikati ya Julai, mashirika haya mawili hutoa makadirio kwa nchi 195, kwa kila chanjo, kuanzia 1980. Hawaendi nyumbani kwa mtu. Wanachukua ripoti ya serikali, tafiti za kaya zilizopo, na habari kama vile chanjo kukatika, kisha kwa kanuni zilizoandikwa wanaamua namba ipi inaaminika. Wakiona utafiti umeegemea kumbukumbu za akina mama, hurekebisha dozi ya tatu kwa kutazama watoto wenye vitabu waliacha kiasi gani. Kila kadirio hupewa daraja la kuonyesha lina ushahidi wa kutosha kiasi gani. Watu wengi huruka daraja hilo. Usiliruke.

Isiyemwona. Mtaa wowote. Kenya ni mstari mmoja, na Nairobi haimo.

Wakati na ngazi. Mwaka uliopita, nchi nzima. Na tahadhari moja kubwa: kila Julai mstari mzima unaweza kusahihishwa, hata miaka ya nyuma, ushahidi mpya ukija. Ukichukua namba ya mwaka fulani kutoka toleo la zamani na ya mwaka uliofuata kutoka toleo jipya, unaweza kutangaza kushuka ambako hakukutokea. Chukua toleo moja, la karibuni, usome miaka yote humo humo.

Gharama. Bure, dakika chache za intaneti.

Inamfaa nani. Mwanahabari anayelinganisha Kenya na Uganda au Tanzania, mwanafunzi, na yeyote anayetaka kuiweka nchi ndani ya dunia. Toleo la Julai 2025, kwa mfano, lilionyesha kwamba mwaka 2024 asilimia 85 ya watoto duniani walipata dozi tatu za chanjo ya dondakoo, pepopunda na kifaduro, na watoto milioni 14.3 hawakupata hata moja. Kwa sentensi ya namna hiyo, hakuna chanzo kingine.

Ukaguzi wa haraka mtaani

Inavyohesabu. Hii ni ya wakati wa kampeni, kama ile ya surua-rubella na homa ya matumbo ya Julai 2025. Mtoto akichanjwa, kidole chake kidogo cha mkono wa kushoto hupakwa wino usiofutika upesi. Siku chache baadaye wakaguzi hupita nyumba kwa nyumba wakisema, "Nionyeshe kidole." Mtindo unaotumika sana kwenye polio huchagua maeneo sita, watoto kumi kila eneo. Kati ya hao 60, wasio na alama wakiwa watatu au pungufu, mtaa umepita na huchukuliwa kuwa umefika asilimia 90. Wakiwa wanne au zaidi, timu inarudi.

Napenda njia hii kwa sababu inazaa kazi siku hiyo hiyo. Anayekuta vidole vitupu huuliza kwa nini, na majibu yake hayapatikani kwenye mfumo wowote: mtoto alikuwa amelala, baba hakukubali, mama alikuwa sokoni Gikomba tangu alfajiri, timu haikupanda ghorofa ya sita. Hilo la ghorofa nimelisikia mara nyingi mno. Tunadhani asiyefikiwa yuko mbali, kumbe yuko juu ya ngazi.

Isiyemwona. Chanjo za kawaida. Wino hauelezi kama mtoto alipata pentavalenti mwaka jana. Na wino hufutika, kwa hiyo ukichelewa wiki kadhaa umechelewa kabisa.

Wakati na ngazi. Leo, mtaa huu. Ila jibu lake ni kupita au kurudia. Si asilimia, na asikushawishi mtu kujumlisha mitaa michache akaiita kiwango cha kaunti.

Gharama. Ndogo, ukiwa na wakaguzi ambao si wale wale waliochanja. Wahudumu wa afya ya jamii wanazijua nyumba, lakini usimpe mtu kukagua kazi yake mwenyewe.

Inamfaa nani. Msimamizi wa kampeni, na kikundi cha mtaani kinachotaka kujua kama mtaa wake umerukwa.

Kuna njia ya tano, kupima damu, na naitaja tu kwa kuwa huulizwa. Kinga ya surua ikionekana kwenye damu huwezi kujua imetokana na chanjo au na ugonjwa wenyewe. Ya pepopunda ni tofauti, kwani kuugua pepopunda hakuachi kinga. Ni kazi ya maabara na watafiti, si ya mtu anayetafuta namba ya ripoti.

Kile ambacho zote nne huacha nje

Asubuhi moja, katika kliniki ambayo sitaitaja, niliona mama akiwa na mtoto wa siku kumi na mbili mgongoni. "Sista, nilikuja Jumanne ukaniambia nirudi leo." Nesi akatazama benchi, akahesabu vichwa kwa macho. "Mama, leo wako watatu tu. Jaribu Alhamisi." Chupa ya BCG ina dozi 20, na ikishachanganywa lazima imwagwe baada ya saa sita. Kuifungua kwa watoto watatu ni kumwaga dozi 17, na akiba ilikuwa ndogo. Nesi hakuwa mkatili. Mama naye alikuwa amelipa nauli mara mbili.

Mama yule akirudi Alhamisi, kwenye MOH 702 atakuwa alama moja safi. Asiporudi, hatakuwa chochote. Kwenye KDHS mtoto wake atakuwa "amepata" au "hajapata". Safari zake za bure haziandikwi popote. Kwa hiyo, swali lako likiwa ni kama watu wanaweza kuifikia chanjo, hakuna njia kati ya hizi itakayokutosheleza. Kaa kwenye geti la kliniki siku mbili, uulize wanaotoka: umekuja mara ya ngapi kwa chanjo hii? Umetumia nauli kiasi gani? Umefika saa ngapi? Umerudishwa? Ishirini wakikujibu utakuwa na cha kumwonyesha mkuu wa kituo, hata kama hutakuwa na asilimia ya kuchapisha.

Kulingana na hali yako

Ukiwa unasimamia vituo na unataka kujua wiki hii uende wapi, shika ripoti za vituo, lakini soma idadi za dozi na waliopotea njiani, uache asilimia pembeni hasa ikikaribia au kuvuka 100.

Ukiwa unaandika bajeti ya kaunti au pendekezo kwa mfadhili, anza na utafiti wa kaya kwa kiwango, useme mwaka wake, useme orodha ya chanjo, na uweke upana wa makosa kando yake. Kisha tumia ripoti za vituo kuonyesha yaliyotokea tangu hapo. Zikipingana, andika kwamba zinapingana. Wafadhili makini huheshimu hilo kuliko namba moja iliyonyooka.

Mwanahabari mwenye saa tatu kabla ya kupeleka habari: makadirio ya WHO na UNICEF kwa nchi, KDHS kwa kaunti. Usiandike "kiwango kimeshuka" kabla hujahakikisha namba zote mbili zimetoka toleo moja.

Kikundi cha mtaani chenye watu kumi na hamu ya kusaidia: msihangaike na asilimia. Tengenezeni orodha ya watoto walio chini ya miaka miwili, ploti kwa ploti, ombeni kuona kitabu, mwandike nani amekosa nini, na mpeleke kwa nesi. Zilindeni karatasi hizo, kwa kuwa zina majina ya watoto.

Na mwenzangu wa Mukuru? Tulikaa na zile karatasi mbili jioni nzima. Ile ya utafiti aliiweka mwanzo wa pendekezo lake, na mwaka wake pembeni. Ile ya zaidi ya asilimia 100 tuliirudia kituo kwa kituo, tukitoa dozi ya tatu kwenye ya kwanza. Vituo vitatu vilikuwa vinapoteza watoto wengi kati ya wiki ya 6 na ya 14, na vyote vitatu vilichanja asubuhi tu, siku za kazi. Jumatatu iliyofuata alikwenda kwenye cha kwanza saa moja kamili, akakaa benchini na akina mama, daftari mkononi.